Mbwa kaugua ghafla, nianzie wapi? Maswali ya majirani

Asubuhi alikuwa fresh, jioni kalala tu, hata ugali wa dagaa hagusi. Nianze na nini?

Fizi. Mfunue mdomo wa juu uangalie, kawaida ni pinki, bonyeza kwa kidole gumba patakuwa peupe halafu ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Zikiwa nyeupe au zina ubluu hiyo siyo ya kusubiri kesho. Wengine wana fizi nyeusi za kuzaliwa, hao vuta kope la chini uangalie ndani. Pua kavu isikusumbue, homa inapimwa na kipimajoto huko nyuma, kawaida 38 mpaka 39 na kidogo. Wangu alilala hivyo siku nzima nikajua kashiba mapanki (mabaki ya sangara) ya jirani, kumbe ni ugonjwa wa kupe, kufika usiku mkojo umekuwa kama chai ya rangi, na ukiona mkojo wa hivyo na fizi zimepauka ujue damu inaharibika, kuna sindano yake ila uwahi.

Kala sumu ya panya, nimpe maziwa?

Hapana jamani, hii ya maziwa sijui nani alituletea. Maziwa hayaondoi sumu, na mafuta ukimlazimisha yanaweza kuingia kwenye mapafu. Usimtapishe kwa akili yako. Chukua pakti ya sumu uende nayo kwa daktari wa mifugo hata kama mbwa bado anacheza, kwa sababu kuna sumu zinazozuia damu kuganda, anaanza kutoka damu siku ya 3 au ya 5 wakati wewe umeshasahau.

Panadol kidogo je?

Usimpe. Wala diklofenaki.

Tumbo limejaa kama ngoma, anajikamua kutapika hakitoki kitu?

Ondoka sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Tumbo linaweza kuwa limejisokota, hapo unahesabu masaa.

Tunakaa karibu na mwalo, kameza ndoana na uzi unaning'inia mdomoni.

Usivute! Ukivuta unachana koo. Usiukate mfupi pia, ufunge kwenye mkanda wa shingoni ili asiumalizie kuumeza, mfunge kwenye kitenge, ita bajaji, mpigie daktari ukiwa njiani ajiandae.

Anatoa udenda, taya limelegea, nahisi mfupa umemkwama.

Hapa sahau habari ya fizi. Usiingize mkono, hasa kama hajachanjwa, kichaa cha mbwa kinaweza kuanza hivyo hivyo na watu wengi wanadhani ni mfupa. Mfungie peke yake, watoto wakae mbali, piga simu kwa daktari wa mifugo. Kama ameshakung'ata au udenda umegusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo, ukishaanza kuumwa wewe hakuna dawa.