Ganda la konokono lina mwenyewe: kwa walimu na wazazi wanaowaleta watoto visiwani

Juni 5 ni Siku ya Mazingira Duniani, na wakati huohuo shule zinafunga kwa likizo. Ndiyo maana safari za wanafunzi kwenda Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyo karibu na Dar es Salaam, huongezeka sana msimu huu, na baada ya safari huja barua za malalamiko. Zilizotufikia sisi tunaovilinda visiwa hivi zinafanana: watoto wamenyang'anywa makombe, yaani maganda ya viumbe wa baharini, wakati wa kupanda boti kurudi, wengine wamelia njia nzima. Mzazi mmoja ameuliza kama serikali sasa inagombania makombe na watoto wa darasa la nne.

Tunajibu hadharani kwa sababu swali ni la wengi. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu, yaani yanayolindwa kisheria, tangu mwaka 1975, na leo yako chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Katika maeneo haya hatumruhusu mtu yeyote kuondoka na kiumbe, tumbawe wala ganda bila kibali. Kwa wanaohofia kwamba mtoto atafikishwa polisi: Kanuni ya Adhabu inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa kosa la jinai, na aliye chini ya miaka 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kwamba alikuwa na uwezo wa kujua kuwa analofanya ni kosa. Kinachofanyika ni kwamba mlinzi anapokea makombe na kuyarudisha majini. Mwalimu au mzazi aliyemtuma mtoto akusanye, au aliyebeba begi lake mwenyewe limejaa, hana kinga hiyo.

Hoja tunayoisikia kila mara ni kwamba "ganda tupu halina mwenyewe". Tumeisikia hata kwa walimu wa sayansi, na tunaomba sasa iachwe.

Mwaka jana, katika ukaguzi wa kawaida wa mabegi, binti mmoja wa darasa la tano alinifungulia mkebe wake wa kompasi. Ndani kulikuwa na ganda moja la konokono, la kahawia lenye madoa meupe, limelazwa kando ya kifutio. Akaapa kwamba ni tupu. Alikuwa ameligonga na kulipuliza, hakikutoka kitu. Nikamwomba tusubiri kidogo. Zilipita kama dakika mbili, ganda likainuka upande, yakachomoza magando mawili mekundu, moja kubwa kuliko jingine, kisha likaanza kutembea juu ya rula huku likikwaruza. Wenzake wakajazana mpaka mkebe nusura udondoke. Hapakuwa na haja ya mtu kueleza chochote.

Yule ni kaa mdogo ambaye tumbo lake ni laini, halina gamba la kulikinga. Hutafuta ganda lililoachwa na konokono aliyekufa, akaingia humo kinyumenyume, na kila akikua huhamia ganda kubwa zaidi. Makombe mazuri yakichukuliwa yote, hubaki amebanwa katika nyumba ndogo, mawindo rahisi ya samaki. Hata ganda ambalo kweli halina mtu lina kazi: mchanga mweupe mnaoupenda kule visiwani kwa sehemu kubwa ni makombe na matumbawe yaliyosagika. Kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, naye si pambo. Hupumua kwa vijishavu vilivyotapakaa juu ya ngozi yake, kwa hiyo kila anapoinuliwa hewani ili darasa zima lipige picha, pumzi inamkatika. Akifika nyumbani Mbagala, siku ya pili amenuka na mama amemtupa jalalani.

Kuhusu mifuko, tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Kukutwa nayo ni faini isiyopungua shilingi 30,000 na isiyozidi 200,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Kuiuza ni shilingi 100,000 hadi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili. Anayeitengeneza au kuiingiza nchini anakabiliwa na shilingi milioni 20 hadi bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Wapo wanaotuletea chapati za watoto katika vifungashio vyembamba vinavyong'aa na kudai kwamba hivyo vimeruhusiwa. Kifungashio kimeruhusiwa kufungia bidhaa kiwandani. Ukikigeuza kibebeo, umeingia katika marufuku ileile. Tumieni hotpoti na vikapu. Chupa ya maji iliyoingia kisiwani na itoke na mtoto aliyeileta.

Boti iwe na cheti cha ukaguzi kilicho hai, na kila mtoto avae jaketi la kujiokolea tangu anapokanyaga boti, si kulikalia. Hili halina mjadala.

Sasa lipo jambo ambalo shule nyingi hazilitazami kabisa wakati wa kupanga safari: maji. Mwalimu anachagua Jumamosi kwa sababu basi lina nafasi. Darasa linafika saa 4 asubuhi na kukuta bahari imejaa mpaka kwenye mchanga, hakuna mwamba wala nyasi za baharini zinazoonekana, na watoto wanabaki kuogelea na kula. Huku ni kutembea vizuri, lakini hakuna somo la bahari lililofanyika.

Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hudumu siku chache. Katika pwani yetu ya Dar es Salaam, siku hizo maji hupwa kabisa takriban kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, yakaacha wazi sehemu kubwa ambayo siku nyingine huioni. Kila siku inayofuata maji huchelewa kama dakika 50. Yakishafika maji mafu, kati ya bamvua na bamvua, mambo hugeuka: mchana maji yako juu, na hata yakipwa hayaendi mbali. Mvuvi yeyote wa Kunduchi au Msasani atakupa hesabu hii kwa kutazama mwezi tu. Mwalimu, muulize kabla ya kulipia basi. Fikeni saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na yakianza kurudi, watoto wote watoke mwambani. Maji yanayojaa hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, na mtoto anaweza kuzungukwa asijue.

Mkiwa pale, msiwatembeze watoto sana. Gawanyeni darasa makundi ya watoto watano, kila kundi lipewe kamba ya mita 4 iliyofungwa ncha kwa ncha, waitandaze iwe mraba wa mita moja kila upande kando ya kidimbwi kilichobaki mwambani. Kisha wachuchumae dakika 20 bila kugusa, waandike kila kinachosogea. Dakika tano za kwanza watasema hamna kitu. Halafu mmoja ataona jiwe lina macho. Jongoo bahari aliyeonekana kama kipande cha mpira atajivuta. Kivuli cha mtoto kikipita, vijisamaki vitakimbilia chini ya mwani na kurudi kimoja kimoja kivuli kikiondoka. Klabu za Malihai, klabu za uhifadhi za wanafunzi zilizoanza mwaka 1980, zimelea watoto wengi kwa utaratibu wa kutazama na kuandika, na wenzetu wa Zanzibar huwapeleka wanafunzi kisiwa cha Chumbe, ambako mwamba umehifadhiwa tangu mwaka 1994. Mbinu hii haitaki vifaa vya gharama.

Neno kuhusu mikoko, maana maombi ni mengi. Hatutoi ruhusa ya kuipanda mahali popote penye tope kwa ajili ya picha za Juni 5. Palipo na nyasi za baharini si patupu. Ni malisho ya kasa na kitalu cha samaki wadogo. Shule inayotaka kushughulika na mikoko iwapeleke watoto kwanza wakatazame mbegu ya mkoko, inayoota ikiwa bado inaning'inia kwenye mti mama, ndefu kama kalamu, kisha wafuatilie zile zilizoanguka zenyewe kwa muhula mzima. Kuhesabu miche iliyo hai baada ya miezi mitatu ni kazi kubwa kuliko kuchimba mashimo mia asubuhi moja.

Barua ya kuomba safari ya visiwani itaje idadi ya wanafunzi, umri wao, idadi ya walimu, jina la boti na tarehe mbili mnazopendelea. Zote mbili ziwe za bamvua. Yule binti wa mkebe amekwisha kuniuliza kama kaa wake tutamkuta, nami nimemwambia tutakwenda palepale tulipomwachia, maji yakiwa yamepwa.