Nembo nne, injini moja: dhana potofu kuhusu kujaribu tovuti

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba ukifungua ukurasa wako kwenye Chrome, Edge, Opera na Brave, umeujaribu mara nne. Ukweli ni kwamba umeujaribu mara moja. Vivinjari hivyo vyote vinaendeshwa na Blink, injini ambayo Google iliitenga kutoka WebKit mwaka 2013. Opera iliachana na injini yake ya Presto mwaka huohuo, na Edge ikahamia Blink Januari 2020. Injini ndiyo inayosoma msimbo na kuuchora kuwa ukurasa, na zilizobaki zenye watumiaji wengi ni tatu tu: Blink, WebKit ya Safari (kivinjari cha Apple) na Gecko ya Firefox. Kwa hiyo ukipanga majaribio, hesabu injini, usihesabu nembo.

Dhana ya pili huleta madhara zaidi, kwa sababu anayeiamini huwa kweli amejitahidi: "Nimeshaangalia kwa umbo la iPhone kwenye zana za wasanidi za Chrome." Zana hizo, zilizomo ndani ya Chrome kwa ajili ya watengenezaji wa tovuti, hupunguza upana wa skrini, huigiza mguso wa kidole na kuiambia seva kwamba mgeni ni simu. Anayechora bado ni Blink. Chukua msimbo wa JavaScript wenye alama `(?<=`, unaotafuta maneno kwa kuangalia kilichoyatangulia. Chrome inaielewa tangu 2017 na Firefox tangu 2020, ila Safari iliipokea Machi 2023, toleo la 16.4. Safari ya zamani ikikutana na alama hiyo hukataa skripti nzima kabla ya kuendesha hata mstari mmoja. Menyu haifunguki, fomu haitumwi, na kwenye kompyuta ya msanidi kila kitu kinafanya kazi vizuri. Mwenye iPhone 7 hana hata pa kusasisha, kwani mfumo wa simu hiyo, iOS, uliishia toleo la 15. Inaniuma mtu kama huyo anapoambiwa eti mtandao wake ndio mbovu.

Wala hawezi kujiokoa kwa kupakua Chrome. Watu hudhani Chrome ya iPhone ni ileile ya kompyuta, kumbe Apple imeelekeza vivinjari vya iPhone vitumie WebKit. Umoja wa Ulaya ndio uliofunguliwa kwanza mlango wa injini nyingine, kuanzia iOS 17.4 ya Machi 2024. Ukiletewa malalamiko kwamba "Chrome inagoma," uliza kwanza ni simu gani.

Kuna pia wanaosema, "Tunatumia Playwright, basi Safari tumeimaliza." Playwright, ya Microsoft, ni zana nzuri ya kuendesha majaribio ya tovuti yenyewe bila mkono wa mtu, na ningependa kila timu iwe nayo: jaribio moja linapita kwenye Chromium (msingi wa Chrome), Firefox na WebKit, hata ukiwa na Linux au Windows. Lakini WebKit yake hujengwa kutokana na msimbo mpya kabisa, mara nyingi mpya kuliko Safari iliyo mikononi mwa watu. Kasoro ya Safari ya zamani haitaonekana humo. Tena injini hiyo haina upau wa anwani unaojikunja na kujikunjua kama wa simu. Ukiliwekea boksi urefu wa `100vh`, yaani urefu mzima wa skrini, na kuweka kitufe cha "Tuma" chini kabisa, jaribio litapita na picha itatoka safi. Kwenye iPhone kitufe kinaweza kujificha nyuma ya upau. Kipimo cha `dvh`, kinachofuata urefu unaoonekana kwa wakati huo na kilichoingia Safari 15.4 mwaka 2022, kilitungwa kwa ajili ya tatizo hilo.

Majaribio kwenye Safari yenyewe huendeshwa kwa safaridriver, programu inayokuja pamoja na macOS, mfumo wa kompyuta za Mac, na kupokea amri za Selenium, zana nyingine ya majaribio, kupitia WebDriver, kiwango cha kuamuru vivinjari. Kama huna Mac, huduma kama BrowserStack na Sauce Labs hukodisha simu halisi kwa njia ya intaneti. Hakikisha umechagua simu halisi, usichukue kiigizaji, yaani programu inayojifanya simu. Safari ya Windows achana nayo. Ilikoma mwaka 2012.

Kuhusu Firefox kutojaribiwa kwa kuwa "watumiaji wake wachache": ni ya bure, inasakinishwa kwenye Windows, Mac na Linux, na hufichua haraka msimbo ulioegemea mazoea ya Blink. Sioni kisingizio.

Mwisho, wapo wanaoamini kwamba tofauti hizi zilizikwa pamoja na Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, Juni 2022. Ni kweli pengo limepungua. Tangu 2022, Apple, Google, Microsoft na Mozilla hushirikiana kila mwaka katika mradi wa Interop kuzipatanisha injini zao, na matokeo yanaonekana wazi kwenye tovuti ya wpt.fyi, jaribio kwa jaribio. Majaribio yale hupima injini, hayaujui ukurasa wako. Yatumie kabla hujaandika, uone kipengele unachokitaka kimefika wapi, kisha ukurasa ukikamilika uufungue kwenye iPhone ya zamani na ubonyeze kila kitufe kwa kidole.