Upishi wa kibiashara: cheti cha jikoni na safari ya ukaazi Australia

Mwezi wa Januari mama mdogo alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Nakuru. "Mwanangu, hapa mjini kuna ajenti anatuambia mdogo wako akienda kusoma upishi wa kibiashara huko Australia, miaka miwili tu, anapewa makaratasi. Tuuze ile ploti ama tungoje?" Nina miaka tisa kwenye majiko ya Melbourne, na swali hili nimeulizwa na wengi, wa Nakuru, wa Mombasa, hata wa Arusha. Nimeona heri niliandike jibu lote mahali pamoja, kwa sababu ploti ya familia si kitu cha kuuzwa kwa maneno mawili ambayo mtu hajayaelewa: upishi wa kibiashara, na njia ya kupata hayo makaratasi, yaani ukaazi wa kudumu.

Upishi wa kibiashara, kwa maana ya vyuo vya Australia, ni ufundi wa kuwapikia watu wanaolipa, ndani ya jiko lenye zamu, bajeti na sheria za usafi, kwa namna inayoweza kurudiwa kesho na keshokutwa bila kubadilika. Kurudiwa ndiko kwenye uzito wote. Shangazi anayepika pilau ya harusi ya watu mia tatu ana ujuzi mkubwa, na sitaki mtu audharau. Lakini cheti hiki kinauliza jambo lingine: je, sahani ya arobaini usiku huu itafanana na ya kwanza? Itatoka kwa dakika zile zile, kwa gramu zile zile, na hakuna mteja atakayeumwa tumbo?

Wiki yangu ya kwanza chuoni tulikata karoti. Karoti tu. Mwalimu alitaka vipande vya mraba vya milimita mbili hadi tatu, akapita meza kwa meza na rula. Vyangu vilikuwa vya ukubwa wa kachumbari ya nyumbani. Akavisukuma pembeni akaniambia nianze upya. Kisha zikaja mbao za kukatia: ya kijani ya mboga, nyekundu ya nyama mbichi, manjano ya kuku, buluu ya samaki, na ole wako uchanganye. Kisha joto. Chakula kinachoharibika upesi hakiachwi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60. Kikikaa hapo kwa muda usiofika saa 2, unaweza kukirudisha kwenye friji. Kikikaa hapo kwa muda wa kati ya saa 2 na saa 4, kiliwe papo hapo. Kikipita saa 4, kinatupwa. Mimi niliyelelewa kwenye nyumba ambapo githeri ya jana ilikaa juu ya jiko mpaka asubuhi, ilinichukua muda kuukubali mkono wangu unaotupa chakula kizuri.

Ndani ya kozi hiyo kuna somo moja linalowatoa jasho wanafunzi wote: kufanya kazi kama mpishi katika jiko halisi. Lazima ukamilishe zamu 48 za kuhudumia wateja, kila moja imeandikwa kwenye daftari na kusainiwa. Kiamsha kinywa, chakula cha mchana, cha usiku. Hapo ndipo mtu hujua kama miguu yake, mgongo wake na hasira zake vinaweza kuishi na kazi hii.

Kozi zenyewe hupangwa kwa ngazi. Cheti cha tatu hukufunza kupika: supu na mchuzi wa msingi, mboga, mayai, samaki, kuku, nyama, keki na mkate. Cheti cha nne huongeza usimamizi wa jiko, yaani kupiga hesabu ya gharama ya sahani, kupanga zamu za wafanyakazi, kuandaa menyu. Juu yake huja stashahada ya usimamizi wa hoteli. Vyuo huzifunga pamoja zijaze miaka miwili, na muda huo una sababu yake, tutaifikia.

Tugeukie lile neno la pili, njia. Hapa ndipo ajenti wa Nakuru huongea haraka.

Mwaka 2001 Australia iliwaruhusu wanafunzi wa kigeni kuomba ukaazi wa kudumu wakiwa bado nchini humo baada ya kuhitimu. Mwaka 2005 wapishi wakaingia kwenye orodha ya kazi zenye uhaba, ile iliyokuwa ikimwongezea mwombaji pointi za kuombea ukaazi. Mambo hayo mawili yalipokutana, kozi ya upishi ikawa barabara fupi kuliko zote. Vyuo vya binafsi vikachipuka Melbourne na Sydney kama uyoga baada ya mvua, na kozi za upishi na ususi zikajaa vijana, wengi wao kutoka India. Sharti la kazi lilikuwa saa 900, likathibitishwa kwa barua ya mwajiri, na barua hizo zikaanza kuuzwa. Wakapatikana "wapishi" wenye cheti wasioweza kugeuza yai.

Kufikia 2009 baadhi ya vyuo vilianza kufunga milango ghafla, wanafunzi wakabaki na mabegi mkononi. Tarehe 8 Februari 2010 waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Chris Evans, akaifuta ile orodha. Waliokuwa masomoni walipewa muda wa mpito, lakini njia waliyokuwa wameiuzia mashamba haikuwapo tena kama walivyoiacha. Kwa waombaji wapya, cheti cha chuo kikawa kitu kimoja na ukaazi kitu kingine kabisa. Nadhani kila mzazi anayeuza kitu leo anastahili kuambiwa kisa hiki kabla ya kutajiwa karo. Sheria inayomhukumu mwanao ni ile iliyopo siku anayotuma ombi. Ile iliyokuwepo siku alipopanda ndege haimlindi.

Tangu hapo njia imekuwa mlolongo wa milango, na kila mlango una bawabu wake asiyejali ulichoambiwa na mwenzake.

Mlango wa kwanza ni viza ya mwanafunzi, nambari 500. Tangu Julai 2025 ada yake ya maombi ni dola 2,000 za Australia, na hairudishwi ukikataliwa. Lazima uonyeshe una dola 29,710 za kujikimu kwa mwaka mmoja, mbali na karo na nauli. Kiingereza, kwa mtihani uitwao IELTS, ni alama 6.0. Tangu Machi 2024 maswali ya ombi yanapima kama wewe ni mwanafunzi wa kweli. Kutamani kubaki baadaye si kosa, lakini sababu kuu ya kwenda iwe ni masomo. Kwa hiyo ajenti anayemfundisha kijana majibu ya kukariri anamharibia. Mtu wa miaka ishirini na nane mwenye shahada ya uhasibu anayetaka ghafla kusoma upishi ataulizwa kwa nini, na jibu lake liwe na ukweli ndani yake. Ukishafika, unaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa wiki mbili wakati wa masomo. Fedha hizo zitalipa chumba na chakula. Atakayekuambia zitalipa na karo pia, mwombe akupigie hesabu hiyo kwa kalamu mbele yako.

Mlango wa pili ni viza ya muda ya mhitimu, nambari 485, inayotolewa kwa wenye vyeti vya ufundi kwa muda wa hadi miezi 18. Hii ndiyo sababu ya kozi kufungwa pamoja zijaze miaka miwili: sheria inataka angalau wiki 92 za masomo yaliyosajiliwa, yasiyomalizwa chini ya miezi 16. Umri usizidi miaka 35, sharti lililoanza Julai 2024, na limewafungia wengi wa kwetu waliochelewa kuanza.

Kwenye mlango huu kuna neno moja linaloweza kumgharimu mtu kila kitu. Serikali ya Australia inatofautisha mpishi na shefu. Mpishi ana nambari yake ya kazi, 351411, na shefu ana yake, 351311. Mpishi anapika, shefu anapika na kuendesha jiko. Orodha iliyotumika kwa viza ya mhitimu katika miaka ya karibuni ina shefu, haina mpishi. Ndiyo maana mtu aliyesoma cheti cha tatu peke yake hujikuta njia panda, hata akiwa hodari wa kisu kuliko darasa zima.

Bawabu wa tatu ndiye mgumu, na kwa maoni yangu ndiye mwenye haki zaidi. Anaitwa Trades Recognition Australia, chombo cha serikali kinachothibitisha ujuzi wa mafundi, na mpango wake ni Job Ready Program. Kwanza anakagua vyeti vyako pamoja na uthibitisho wa saa 360 za kazi. Kisha anataka ufanye kazi ya kulipwa saa 1,725, kwa muda usiopungua miezi 12, kwa mwajiri aliyesajiliwa kwenye mpango huo, ukiwa na hati za mishahara za kuthibitisha. Gawanya: ni kama saa 33 kila wiki, mwaka mzima, bila kuugua sana na bila jiko kufungwa. Na viza ya miezi 18 inahesabu siku zake wakati huo wote. Katikati ya safari, mtathmini anakuja jikoni kwako. Wangu alisimama kando ya friji na ubao wake wa kuandikia, saa moja kabla ya watu wa chakula cha mchana, akanitazama nikichuja mchuzi wa mifupa, nikichoma samaki upande wa ngozi, nikipima joto la kuku kwa kipimajoto. Hakusema neno. Barua ya mwajiri haiwezi kukupikia samaki yule, na hilo ndilo lililokosekana enzi za saa 900.

Lakini mpango huu una jeraha lake, nami nalitaja kwa uchungu. Mwajiri anajua kwamba bila saa zake huna maisha. Rafiki yangu mmoja alikuwa akilipwa kwa benki kama sheria inavyotaka, halafu kila Ijumaa anaitwa stoo kurudisha sehemu ya mshahara kwa fedha taslimu. Alinyamaza miezi minane. Wageni hawajui kwamba sheria ya kazi ya Australia inamlinda mfanyakazi bila kujali viza yake, na kwamba Fair Work Ombudsman, ofisi ya serikali inayosimamia sheria hiyo, hupokea malalamiko bila malipo. Mwambieni mtoto wenu jambo hili kabla hajaondoka, kama mnavyomwambia avae sweta.

Baada ya hapo ndipo ukaazi wenyewe unapojadiliwa, na hapo njia inagawanyika. Wapo wanaokwenda kwa pointi. Chukua kijana wa miaka 26, hajaoa: umri unampa pointi 30, cheti 10, Kiingereza cha IELTS 7 katika kila sehemu 10, kusoma Australia 5, kutokuwa na mwenzi 10. Jumla 65. Hicho ndicho kiwango cha chini cha kuruhusiwa kuingia kwenye foleni, na foleni humtanguliza mwenye nyingi. Jimbo likimteua kwa viza 190 anaongezewa 5. Akikubali kuishi mikoani kwa viza 491 anaongezewa 15, na baada ya miaka mitatu anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kupitia viza 191. Kwa sheria hiyo mikoani ni popote nje ya Sydney, Melbourne na Brisbane. Perth na Adelaide zimo. Mimi nilichelewa kulijua hilo kwa sababu kila mtu niliyemjua alikuwa Melbourne.

Wengine hudhaminiwa na mwajiri kwa viza 482, inayotaka angalau mwaka mmoja wa uzoefu na mshahara usiopungua dola 76,515 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Julai 2025. Ukitumikia miaka miwili, mwajiri anaweza kukuteua kwa viza 186, ya kudumu. Kwa mtu wa jikoni naiona hii kuwa imara zaidi, kwa sababu mwenye mgahawa halipi fedha hizo kwa ajili ya cheti. Anamlipa mtu ambaye akikosa kuja Jumamosi usiku, jiko linayumba.

Mama mdogo alisikiliza yote haya kwa simu, kimya, kisha akauliza, "Kwa hiyo ajenti ni mwongo?" Nikamwambia huenda si mwongo, huenda ameuona mlango wa kwanza tu. Nikampa vitu vya kumuuliza. Nambari ya CRICOS, yaani ya usajili wa kufundisha wanafunzi wa kigeni, ya chuo na ya kozi, kwa sababu chuo kisicho nayo hakiruhusiwi kufundisha mwanafunzi wa viza 500. Karo ikilipwa na chuo kikafunga, mfuko wa serikali unaoitwa Tuition Protection Service humtafutia mwanafunzi chuo kingine au kumrudishia fedha za masomo asiyopata; basi fedha zilipwe kwa chuo chenyewe na risiti itoke huko, zisipite mfukoni mwa mtu. Na ushauri wa viza, ukitolewa ndani ya Australia, utoke kwa wakala aliyesajiliwa kisheria au wakili.

Mdogo wangu naye nilimwomba kitu kimoja kabla ploti haijaguswa: atafute jiko la hoteli hapo Nakuru, afanye kazi miezi mitatu, hata kwa malipo ya kibarua. Alinuna. Akaenda. Wiki ya pili alinitumia picha ya sufuria la vitunguu vilivyokatwa, vimelowa, havilingani, na chini yake akaandika, "Kaka, vidole vinawaka." Wiki ya sita alinipigia saa tano usiku, ametoka zamu, hakuuliza chochote kuhusu viza. Alitaka nimweleze kisu kinanolewa kwa pembe gani.