Amplifaya ya gitaa ya tyubu: wati 5 zina maana gani?

Spika ya bluetooth ya kubeba mkononi huandikwa wati 40, na sabufa ya sebuleni huandikwa 100 na kupanda. Kwa hiyo mtu anayetafuta amplifaya ya kupigia gitaa chumbani, akikuta kifaa kizito cha bei ya kuumiza kimeandikwa "wati 5", ana haki ya kuuliza anauziwa nini. Mshangao wa pili humpata akishaiwasha: akiifungua nusu tu, nyumba nzima inajua yupo.

Wapiga gitaa wakisema amplifaya ya tyubu ya wati chache, kwa kawaida wanamaanisha isiyozidi wati 15 hivi. Nyingi ni za wati 5, na zipo za wati 1. Tyubu zenyewe ni zile chupa ndogo za kioo zilizotolewa hewa, zinazowaka rangi ya chungwa, ambazo zilikuwa ndani ya kila redio kabla transista hazijaingia sokoni. Waya mwembamba hupasha moto kipande cha chuma mpaka kinatoa elektroni, nazo huvutwa na bamba lenye volti mia kadhaa. Katikati yake kuna wavu. Ishara dhaifu inayotoka kwenye gitaa huingia kwenye wavu huo na kuongoza mkondo mkubwa unaopita, ambao kupitia transfoma huisukuma spika.

Idadi ya wati hutegemea sana tyubu za mwisho, zile zinazosukuma spika. Tyubu moja ya aina ya EL84 au 6V6 ikifanya kazi peke yake hutoa wati 5 hivi. EL84 mbili zikisaidiana hufika 15, na ndivyo ilivyo Vox AC15 ya Uingereza iliyotoka mwaka 1958. Zikiwa nne unapata AC30. Kwa upande wa Marekani, mfano unaotajwa kila mara ni Fender Champ ya miaka ya 1950: tyubu moja ya kukuza ishara, 6V6 moja ya kusukuma, nyingine ya kunyoosha umeme, spika ya inchi 8 na kitufe kimoja tu, cha sauti. Besi wala trebo huna pa kurekebisha. Ilitengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, lakini baadaye wapigaji wakubwa waliingia nayo studio.

Sasa hesabu. Spika nyingi za gitaa za inchi 12 hutoa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 97 hadi 100 zikipewa wati 1 tu, ukizipima mita 1 kwa mbele. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3. Ukizidisha mara kumi unaongeza 10, na sikio huisikia nyongeza hiyo kama sauti iliyokua takriban maradufu. Maana yake amplifaya ya wati 50 haina kelele mara kumi ya ile ya wati 5. Ni kama mara mbili. Turudi chini sasa. Chukua spika ya desibeli 97: wati 5 zinakupa 104 hivi, wati 1 inakupa 97, na sehemu moja ya kumi ya wati inakupa 87. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni kama 60. Wataalamu wa afya kazini huweka 85 kama kiwango cha kuanza kulinda masikio ya mtu anayeshinda kwenye kelele saa 8. Kwa hiyo hata wati 0.1, ambayo kwenye karatasi inachekesha, si sauti ya kupigia mtoto akiwa amelala chumba cha pili.

Kama wati chache hazipunguzi kelele kiasi hicho, zinapunguza nini? Zinapunguza nafasi ya sauti safi. Kila amplifaya ina kikomo. Ishara ikikipita, vilele vya mawimbi hukatwa na sauti huanza kukwaruza. Kwenye transista ukataji huo huwa mkali na wa ghafla. Tyubu huvibonyeza vilele taratibu, na sauti inanenepa kabla ya kuchafuka. Mpigaji wa rock au blues hulipia hapo hasa. Anataka tyubu za mwisho zifike kikomo chake, na zikiwa za wati 50 itabidi afungue sauti ya ukumbi mzima ndipo zifike. Akiwa na wati 1 anafika mapema.

Ndiyo maana ushauri wa kwamba wati zikiwa chache ndivyo bora kwa nyumbani haumfai kila mtu. Anayepiga solo ya rumba, benga au muziki wa dansi anataka kila noti isikike kama ilivyochomolewa kwenye waya, yenye kumeta, hata vidole vikikimbia kwenye sebene. Mkwaruzo anaukimbia. Huyu akinunua amplifaya ya wati 1 kwa sababu ya jirani, atapata kifaa kinachochafuka kila anapokaza mkono, hasa kama gitaa lake lina pikapu (vinasa mtetemo wa nyuzi) zenye nguvu. Mimi ningempeleka kwenye wati 5 zenye spika nzuri. Na kama kuna siku ataenda mazoezini kukutana na drama (mpiga ngoma za bendi), basi 12 au 15 za tyubu mbili, azipige zikiwa zimefungwa kiasi. Wati 5 mbele ya drama huishiwa usafi haraka sana.

Anayeupenda huo mkwaruzo lakini anaishi ghorofani ana njia mbili za kawaida. Kitufe cha masta huacha tyubu za mwanzo zikwaruze, kisha hupunguza ishara kabla haijafika kwenye tyubu za mwisho. Ni rahisi na kinapatikana kwenye amplifaya nyingi za sasa, ila mkwaruzo wake ni mwembamba kidogo. Njia ya pili ni kipunguza nguvu kinachokaa kati ya amplifaya na spika na kugeuza sehemu ya wati kuwa joto. Baadhi ya amplifaya ndogo zinacho ndani; Bugera V5, kwa mfano, hushuka kutoka wati 5 hadi 1 na hadi 0.1. Hata hivyo, usitegemee utamu uleule. Masikio yetu husikia besi na trebo hafifu zaidi sauti inaposhuka, jambo ambalo Fletcher na Munson wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, walilionyesha mwaka 1933, na hakuna kifaa kinachoweza kukwepa hilo kabisa. Na kama muda wako wa kupiga ni saa sita usiku tu, nunua kifaa cha kidijitali chenye tundu la hedifoni, pesa itakayobaki weka kwenye gitaa.

Kabla ya kulipa, geuza amplifaya uangalie nyuma. Nyingi zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wa Dar es Salaam au Nairobi, wenye volti 230 au 240, ukibahatika itakata fyuzi. Usipobahatika utaunguza transfoma. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, lakini usiipime kwa zile wati 5 za sauti: amplifaya kama hiyo inaweza kula wati 30 hadi 50 za ukutani, kwa kuwa tyubu zinapashwa moto muda wote hata ukiwa hupigi. Uliza pia ni tyubu gani ziko ndani. 12AX7 (ile ndogo ya kukuza ishara), EL84 na 6V6 bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China na huagizwa bila shida.

Usiiwashe ikiwa spika imechomolewa. Amplifaya nyingi za transista zitavumilia hilo, lakini ya tyubu inahitaji mzigo, na transfoma yake ya kutokea, ile iliyo kati ya tyubu na spika, mojawapo ya vipuri vya bei ya juu humo ndani, inaweza kuungua. Ukiunganisha spika nyingine, omu zake (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilingane na zilizoandikwa kwenye tundu: 8 kwa 8, 16 kwa 16. Kubadilisha tyubu ya 12AX7 unaweza kufanya mwenyewe, amplifaya ikiwa imezimwa na tyubu zimepoa. Kufungua chesisi, boksi la chuma lenye saketi, ni kazi ya fundi anayezijua hizi, maana kapasita za ndani, vipuri vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti 300 na zaidi hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.