Mdhamini hanunui mdomo

Nje ya Uwanja wa Nyayo, Nairobi, utasikia wakimbiaji wakionyana: ukishavaa viatu vya mdhamini, siasa mtandaoni basi. Sivyo hasa. Nguvu ya mdhamini inatoka kwenye mkataba, zaidi kifungu cha maadili, yaani kile kinachoiruhusu kampuni kukuacha ukiiaibisha, na hata hicho kina mipaka. Mwaka 2011 Rashard Mendenhall, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani, aliandika Twitter akiwakosoa walioshangilia kifo cha Osama bin Laden. Champion, kampuni ya nguo za michezo iliyokuwa ikimdhamini, ikamtema. Akashtaki, mwaka 2012 jaji akakataa kuitupa kesi, na mwaka uliofuata pande mbili zikaelewana nje ya mahakama. Kifungu cha kuogopa ni kile kinachoiachia kampuni peke yake kuamua kwamba umeiaibisha.