Kibao cha "Ingia kwa hatari yako" hakimkingi mwenye ufuo

Wengi huamini kuwa mwenye ufuo binafsi wa biashara akishasimamisha kibao hicho, mgeni akiumia hana pa kudai. Si kweli. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1957 humtaka achukue hadhari ya kutosha kumlinda mgeni, na ile ya 2015 huzuia biashara kukwepa dhima ya kifo au majeraha yaliyotokana na uzembe wake. Ngazi iliyooza asiyoitengeneza ni mzigo wake. Hatari iliyo wazi ni suala jingine: mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ilimnyima fidia kijana aliyevunjika shingo alipojirusha ziwani penye kina kifupi. Hukumu chungu, ila naiona ya haki. Kibao chenye uzito ni kile kinachoeleza hatari ni ipi na iko wapi.