Nusukaputi na pumzi katika upasuaji wa mawe ya figo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wapo wagonjwa wa mawe ya figo, Kampala na Mbarara vilevile, wanaoogopa nusukaputi kuliko upasuaji wenyewe, na hofu yao kubwa ni mashine ya kupumulia. Husemwa kwamba aliyewekewa mashine hiyo yu karibu na kufa. Dhana hii imetokana na wodi ya wagonjwa mahututi, ambako mashine humsaidia aliyeshindwa kupumua. Katika chumba cha upasuaji mambo ni tofauti: dawa za kulegeza misuli hulegeza pia misuli ya kupumua, kwa makusudi, ndipo mtaalamu wa usingizi huingiza mpira kooni na kuiachia mashine kazi hiyo mpaka dawa zitakapoisha nguvu.

Wengine hudhani figo imetulia mgongoni, kwa hiyo pumzi haiihusu. La hasha. Figo iko chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, na kila mtu avutapo pumzi, kiwambo hushuka na kuisukuma figo kwa sentimita kadhaa. Daktari anayevunja jiwe la milimita chache kwa leza, akitazama kupitia kamera nyembamba iliyopitishwa katika njia ya mkojo, huliona jiwe likienda na kurudi, na mwale ukilikosa waweza kuunguza utando wa figo. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi hupunguza kiasi cha hewa katika kila pumzi, na pengine huisimamisha mashine kwa muda mfupi. Figo inapofikiwa kwa sindano kupitia mgongoni, hasa juu ya ubavu wa 12, tahadhari huzidi, kwa sababu pafu lililojaa hewa hushuka karibu na njia ya sindano. Hivyo sindano huchomwa hewa ikiwa imekwisha kutolewa.

Je, kusimamisha pumzi si kumnyonga mgonjwa? Kabla ya kulala, huvutishwa oksijeni tupu hadi mapafu yajae, na akiba hiyo humtosha mtu mzima mwenye afya kwa dakika kadhaa. Mnene sana au mwenye ugonjwa wa mapafu ana akiba ndogo zaidi, naye hahesabiwi sawa na wengine. Kifaa kilichobanwa kidoleni hulia kwa kila pigo la moyo, na sauti yake huzidi kuwa nzito oksijeni inaposhuka, kiasi kwamba mtaalamu hutambua hatari hata kabla hajageuza macho.

Sindano ya ganzi ya mgongoni, iwezayo kutumika badala ya nusukaputi na inayosingiziwa kupoozesha watu, ni nadra mno kuleta madhara hayo, ingawa kichwa chaweza kuuma kwa siku chache. Kasoro yake hapa ni nyingine: mgonjwa hupumua mwenyewe, na hakuna wa kumpangia pumzi.

Kuhusu chakula, chai ya maziwa na bushera, kinywaji cha nafaka, si maji. Vyote huhesabiwa kuwa chakula na huachwa kwa muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi, ilhali maji matupu huruhusiwa hadi zibaki saa 2, kwa sababu aliyelala akicheua, matapishi huweza kuingia mapafuni.

Tena si kweli kwamba mtu wa usingizi hudunga sindano akaondoka. Nchini Uganda kazi hii hufanywa kwa sehemu kubwa na maofisa wa usingizi wasio madaktari, nao hukaa kichwani pa mgonjwa mpaka aamke na kupumua mwenyewe. Hao ndio wa kuambiwa mapema kuhusu pumu, sigara, pombe kali ya waragi na kikohozi cha wiki hii.